Yeye wa Vibha

Walikutana kwenye msongamano wa kibanda cha litti, vitonge vya unga vya kuchoma, mjini Patna, India, mikono yao imeshika sahani moja.

"Dada, hiyo ni yangu."

"Imeandikwa jina lako?"

"Naitwa Kundan. Nafundisha Kiingereza hapo ghorofani."

"Kumbe wewe ndiye mpiga kelele! Mimi Vibha, nafundisha hesabu chumba cha pili. Haya, Kundan, gawana na jirani."

Sari yake ilikuwa ya pamba, kijani, na vumbi la chaki lilimganda kiwikoni. Kundan, asiyempisha mtu njia, alimwachia sahani.

Wakapendana. Kutwa ikawa "Kundan, umekula?", "Kundan, mpenzi, punguza sauti." Kisha Vibha akaenda kwao Darbhanga kwa sikukuu ya Chhath, na aliporudi jina lile lilikuwa limetoweka kinywani mwake. Ikawa "wewe", "sikiliza", "hebu njoo". Kundan akaliona hilo, akaanza kuvizia.

Asubuhi moja aliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza: Rakesh alimwambia Suresh kwamba yeye amefeli.

"Nani kafeli?"

"Rakesh!" "Suresh!" Darasa likagawanyika.

"Hamjui! Mtu akisema yeye bila kumtaja, kuna anayefichwa. Mtajeni!"

Nyuma ya ukuta mwembamba, Vibha alikuwa kwenye simu. "Ndiyo, mama... Yeye ni mkali kidogo, lakini ana moyo. Sitaki mwingine."

Chaki ikavunjika. Kundan alijijua kuwa mpole; huyo mkali alikuwa mwingine.

Akamngoja ngazini. "Huyo yeye ni nani?"

"Unanisikiliza ukutani?"

"Mtaje!"

"Siwezi."

"Huwezi kwa sababu namjua?"

Macho ya Vibha yakajaa machozi. "Unataka jina? Haya. Kundan. Kundan Mishra! Umefurahi? Sasa niondokee."

Jina alilolingoja lilimpiga kama mlango unaobamizwa. Akampigia simu mama yake aliyeko mjini Siwan, akamweleza yote.

"Kabla ya leo alikuwa halitaji jina lako?" mama akauliza.

"Tangu Chhath."

"Na mimi, umewahi kunisikia nikilitaja la baba yako?"

Kundan akatafuta kumbukumbuni. Kwa daktari, kwa karani wa kura, kila mara yeye mtoto ndiye aliyesukumwa mbele alitaje.

"Kwetu mke halitaji jina la mumewe, asije akampunguzia umri. Huyo binti amekwisha kuolewa nawe moyoni, mjinga wewe, nawe umemlazimisha akuite kama mpita njia!"

Jioni alimkuta Vibha kibandani, moshi wa makaa umemzunguka.

"Vibha."

"Nini, Kundan?"

"Usiniite hivyo. Tafadhali."

"Si ulilitaka?"

"Nilikushuku bure. Nisamehe. Na wewe, mwalimu wa hesabu mzima, unaamini kulitaja kutanipunguzia umri?"

"Siamini. Ulimi ndio uliogoma."

"Mama anakuja Jumapili kumwona mama yako, kuleta posa. Nimzuie?"

Muuzaji akanyanyua sahani iliyojaa, samli ikitiririka. "Dada, hii ya nani?"

Vibha akavuta ukingo wa sari kichwani, akaficha tabasamu.

"Yake."

Muuzaji akaangaza macho kwenye foleni nzima ya wanaume, asijue ampe nani. Kundan akanyoosha mkono.