Pamba Inayotembea kwenye Mshubiri

Kila asubuhi fundi cherehani alikuwa na kazi mbili: kufagia pamba na kubishana na mumewe. Pamba ilitoka kwenye mito aliyoishona. Ubishi aliuleta mume, kinyozi asiyejua kufunga mdomo.

Dirishani, karibu na cherehani, palikuwa na mshubiri ndani ya chungu. Mama yake fundi aliupanda kwa mkono wake. Sasa mama alikuwa amefariki, na hakuacha hata picha moja. Mmea huo ndio ukumbusho pekee uliobaki.

Nao ulikuwa unakufa. Majani yake manene yalikuwa yamelegea. Katikati ya majani kulikuwa na vitu vyeupe, laini.

"Ni pamba yangu tu," fundi alisema. Kila siku aliipuliza. Kila siku ilirudi.

Kinyozi naye aliunyunyizia mmea maji kila asubuhi, kwa chupa ileile ya kulowanishia vichwa vya wateja.

"Una kiu, maskini," alisema.

Siku moja alikuja jirani yao, mfanyakazi wa kitalu cha miche. Watu walimwita Bi Miche. Alileta aproni itiwe kiraka, lakini alipouona mshubiri aliisahau kabisa.

"Shoga, mmea wako unaumwa."

"Aa, hiyo ni pamba ya mito."

"Pamba yako ina miguu? Hebu angalia vizuri."

Fundi aliinama. Kipande kimoja cha pamba kikatembea. Alipiga kelele, akaruka nyuma na kukiangusha kiti.

"Hawa ni wadudu. Wanaitwa vidung'ata," Bi Miche alisema. "Wananyonya maji ya mmea. Huo weupe ni kama koti lao, ndiyo maana chupa ya maji haiwatishi." Kisha akabonyeza shina. "Na hapa pamelainika. Nani anamwagilia?"

"Mimi! Kila siku!" kinyozi alijibu kwa fahari.

"Kila siku? Baba, huu unaweka maji yake ndani ya majani. Udongo ukilowa muda wote, ukungu unakula mizizi. Unauzamisha!"

Kinyozi aliiweka chupa chini. Fundi aligeuka amkaripie, lakini alipouona uso wake hasira zilimwisha.

"Nilitaka kuusaidia," kinyozi alisema taratibu. "Kwa ajili ya mama."

"Utapona?" fundi aliuliza.

"Kama kuna mzizi mzima, utapona. Kama yote imeoza, basi."

Waliutoa mmea na kuulaza juu ya gazeti. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka. Fundi alifumba macho.

"Hii hapa!" Bi Miche alisema. "Mizizi mitatu myeupe, migumu. Lete wembe!"

Kinyozi alikimbilia kibanda chake cha kunyolea, mlango wa pili, akarudi na wembe mpya na spiriti. Alikata kila kilichooza, na kila akikata aliufuta wembe kwa spiriti. Fundi alizungushia pamba kijitini, akaichovya kwenye spiriti na kumgusa kila mdudu.

"Safari hii pamba iko upande wetu," alisema.

"Uwekeni kivulini, pakavu, siku nne, vidonda vikauke," Bi Miche alieleza. "Udongo wa zamani utupeni. Chungu kiosheni kwa sabuni, na kiwe na matundu chini. Tumieni udongo mpya, nusu yake mchanga wa punje kubwa. Mkishapanda, wiki nzima msimwagilie. Baada ya hapo, kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni kwanza. Kukiwa na unyevu, acha. Na kila wiki tafuteni wadudu, maana mayai hujificha."

Walifanya hivyo. Wiki ya kwanza fundi alipata wadudu watano. Wiki ya tatu, wawili. Wiki ya sita hakuona hata mmoja. Majani yakakakamaa, yakawa ya kijani.

Mwezi wa nne tangu waupande upya, fundi alipiga ukelele mtaa mzima ukasikia. "Mmea wa mama umezaa!"

Kinyozi alikuja mbio, wembe mkononi, amemwacha mteja kanyolewa nusu kichwa. Pembeni mwa shina palikuwa na machipukizi mawili. Mke na mume walikumbatiana, wakilia na kucheka.

Machipukizi yalipokua, fundi alilitenga moja kwenye chungu chake. Akampa mumewe aliweke kibandani.

"Mlee mjukuu wa mama," alimwambia.

Kesho yake, akiwa anashona, fundi alimsikia mumewe akimfokea mteja:

"Weka hayo maji chini, ndugu yangu! Chomeka kidole kwanza!"

Fundi alicheka mpaka mshono ukaenda upande.