Niliulaani Mkono Uliochomoa Nyaya Zangu

"Mkono utakaoonekana hapa, ukauke! Ukauke kama kuni!"

Nilipiga kelele hizo mbele ya watu arobaini, ndani ya ukumbi wa kanisa, huko Matiri.

Halafu nikabonyeza kitufe. Video ikaanza kwenye runinga zote tatu kwa mpigo.

Ndugu zangu... ningejua ule mkono ni wa nani, ningeumeza ulimi wangu!

Ngoja niwape mwanzo wake.

Naitwa Cuthbert. Mtoto wa Liuli, Mwanglikana, fundi kompyuta Mbinga mjini. Mchumba wangu Ottilia ni Mmatengo wa Matiri, Mkatoliki. Baba yake, Mzee Erasmo, alikuwa hataki hata kuniona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mla usipa?"

Yaani dagaa wa ziwani kwetu ndiyo limekuwa jina langu!

"Ndiyo, baba."

"Umewahi kupanda kahawa hata mche mmoja?"

"Hapana, baba. Mimi ni fundi."

"Fundi!" Akacheka peke yake, akaingia ndani akaniacha uani.

Sasa kigango chao kilikuwa kinatimiza miaka hamsini. Kanisa dogo, wageni wengi, kwa hiyo walitaka runinga tatu: moja ukumbini, mbili nje kwenye maturubai. Hela ya kompyuta mpya hakuna. Iliyopo ni ya mezani, kuukuu, ya bei chee toka ilipokuwa mpya.

Mzee Erasmo ndiye mwenyekiti wa kamati. Akaniita.

"Runinga tatu zikiwaka siku ya jubilei, lete mshenga. Zisipowaka, kusanya nyaya zako uteremke ziwani kwenu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Hapo nilikuwa nimeshikwa pabaya! Ottilia wangu ananing'inia kwenye nyaya.

Ile mashine ilikuwa na tundu moja tu la kupeleka picha. Nikatafuta kadi ya picha ya mtumba yenye matundu mawili, nikaipachika ndani. Mawili ya kadi, moja la mashine, jumla tatu.

Ila mashine kuukuu zina kiburi. Ukiipachika kadi, tundu lake lenyewe linajizima. Mpaka uingie kwenye mipangilio ya ndani kabisa, uiamuru iwashe yote. Nikaiamuru. Jumatatu jioni runinga tatu zinawaka, nikarudi Mbinga kwa bodaboda naimba njia nzima!

Jumanne asubuhi... ya tatu giza!

Nikaingia kwenye mipangilio. Imerudishwa ilivyokuwa! Hata saa ya kompyuta inasoma Januari mosi, 2010.

Nikarekebisha.

Jumatano asubuhi... giza tena!

Nikasema hapa kuna mtu. Funguo za ukumbi wanazo wawili tu: Mzee Erasmo, ambaye kompyuta haijui hata pa kuwashia, na Ignatio, mpiga kinanda wa kwaya. Ignatio ni Mmatengo, Mkatoliki, ana shamba la kahawa, mzee anampenda kinoma, na Ottilia alishawahi kumkataa. Unahitaji ushahidi gani tena?

Nikamfuata kwenye kinanda chake.

"Oya, unaichezea mashine yangu?"

"Mimi? Hapana, kaka. Kwani ina nini?"

"Inasahau kila kitu nilichoiwekea! Unajifanya hujui?"

"Umeangalia ile betri yake ndogo ya ndani? Kama imekufa..."

"Usinifundishe kazi! Mwanamke kakukataa, sasa unanivizia kwenye nyaya?"

Akafunika kinanda mbele ya wanakwaya wote, akatoka.

Jioni Ottilia akanipigia.

"Cuthbert, umemtukana Ignatio mbele za watu?"

"Anaharibu kazi yangu!"

"Umemwona?"

"Nitamwona."

"Basi subiri umwone kwanza ndiyo useme. Nakuomba."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshamaindi.

Ijumaa alasiri niliacha simu yangu ya akiba inarekodi, nimeificha katikati ya vitabu vya nyimbo. Jumamosi, siku ya mazoezi, nikaikuta imezima chaji. Runinga ya tatu, kama kawaida, giza. Nikairekebisha kwa hasira, huku simu nimeichomeka kwenye umeme.

Ilipowaka nikatazama video sekunde chache tu. Mlango unafunguka... mkono unaingia.

Basi! Sikutaka kuona zaidi. Nikaunganisha simu kwenye kompyuta.

Kamati nzima imeketi. Mzee Erasmo mbele, Ottilia kati ya wanakwaya, Ignatio kwenye kinanda. Nikasimama, nikasema kuna mchawi humu ndani. Ndipo nikatoa ile laana mliyoisikia pale mwanzo.

Video ikacheza.

Mlango unafunguka. Mkono unaingia... halafu koti la kaki. Halafu Mzee Erasmo mwenyewe!

Nje radi inanguruma. Mzee anakwenda mbio mbio kwenye meza, anachomoa nyaya moja moja ukutani, taratibu, kama anavua mtoto viatu. Anavua koti lake, anaifunika kompyuta. Anafanya ishara ya msalaba.

Sauti yake ikasikika ukumbi mzima:

"Bwana, radi isiiguse mashine ya mkwe wangu. Kijana amehangaika."

Mkwe wangu!

Usoni hajawahi kuniita hivyo hata siku moja.

Kule milimani radi ikinguruma kila nyumba inachomoa vitu, nani asiyejua? Mzee alikuwa anachomoa kila jioni, na asubuhi anarudisha kila waya pale pale. Mashine yenye betri iliyokufa, ukiikatia umeme, inasahau yote. Mipangilio, saa, mpaka mwaka!

Na mimi niliiona ile Januari mosi kwa macho yangu.

Mzee Erasmo akasimama. Akainua mkono wa kulia, watu wote wakauona.

"Mkono wenyewe ni huu."

"Baba, nisamehe... sikujua..."

"Hukuuliza."

Akavaa kofia, akatoka. Ottilia akamfuata baba yake bila kunitazama.

Ignatio akaja mezani. Akatoa mfukoni kibetri cha duara, kidogo kama kifungo cha shati.

"Nilikununulia toka Alhamisi, kaka. Nikaogopa kukupa."

Nikaomba radhi kupitia katekista. Nikamtuma mjomba wangu kutoka Liuli. Mzee hakuwafungulia mlango.

Jumanne baada ya jubilei, bodaboda akaniletea boksi. Nyaya zangu zote, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Juu yake karatasi, mwandiko wa mzee:

"Ignatio aliweka betri. Runinga zote tatu ziliwaka, kazi yako ilikuwa safi. Lakini binti yangu siwezi kumpeleka kwenye nyumba ambayo watu wanalaaniwa kabla ya kuulizwa. Teremka ziwani."

Nimeteremka. Naandika haya nikiwa Liuli, usipa umeanikwa mbele yangu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu umemwekea kisasi moyoni, kamuulize kwanza. Ndiyo, leo hii! Mimi lile swali moja lilinishinda, nikamkosa Ottilia kwa betri ya buku moja.