Mwenye Sherehe Ametuma Picha

Jua lilikuwa linazama Shangazi alipokwenda kwa dada wa bwana harusi kuazima vibao vya mezani. Ukumbi ulishapambwa, viti vilishavalishwa, harusi ni kesho, na mchapishaji aliyeahidi vibao vipya alikuwa amezima simu tangu asubuhi, kama ilivyo desturi ya mafundi ukiwahitaji.

Shangazi alikuwa mpambaji wa kumbi, mwanamke wa pini mdomoni na maneno makali zaidi ya hizo pini. Harusi za watu alizipamba mpaka akazichoka. Hii ilikuwa yake. Bibi harusi alikuwa binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa na kumbandika jina la Kipusa. Hakuwa na mtoto mwingine. Alitaka kumkabidhi vizuri, kwa mtu mzuri, kisha akae chini apumzike.

Na mtu mzuri alipatikana. Walimwita Mpole. Alikuwa mgane, mkewe wa kwanza alilala akiwa mzima na asubuhi hakuamka. Moyo, walisema. Mpole alikuwa anaongea kwa sauti ya chini hata akimfukuza mbwa, na Shangazi, aliyezaliwa kwenye ukoo wa wanaume wa kubamiza milango, alilipenda hilo kuliko gari lake.

Hivyo vibao vilikuwa vya plastiki ngumu inayong'aa. Juu majina ya maharusi, chini kile kimraba chenye madoadoa meusi, wenyewe wanakiita QR. Mgeni anakielekezea simu, ukurasa unafunguka, anaandika jina lake, anatuma picha alizopiga. Zote zinakusanyika kwenye albamu moja ya harusi. Msimamizi anakaa na tableti. Kila picha ikiingia inalia ting, na tableti inauliza: Ruhusu? Kataa? Ukiruhusu, picha inapanda kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Ukikataa, imepotea. Lazima awepo mtu wa kukataa, maana watu wakishashiba wanapiga picha hata za vidole vyao vya miguu.

Dada mtu alivitoa stoo, vimefungwa kwenye shuka, na tableti yake juu. Alisema vilitumika mara moja tu. Hakusema wapi, na Shangazi hakuuliza, alikuwa na haraka.

Alijua alipofika nyumbani. Alijaribu kuibandua karatasi ya majina kwa ukucha, haikutoka; ilikuwa na jina la Mpole. Pembeni yake lilikuwepo jina la mwanamke.

Si Kipusa.

Mwingine angevirudisha usiku uleule. Shangazi aliguna. Kimraba ni kimraba, alijisemea, vyote vinafanana kama vifaranga. Akabandika majina mapya juu ya yale ya zamani, kimraba akakiacha kilivyo. Picha za harusi ile akazifuta kwenye tableti, nyuso zikawa zinapotea chini ya kidole chake, na marehemu kwenye gauni lake akaondoka pamoja na wengine. Akajiona amesafisha.

Picha alizifuta. Wageni hakuwafuta. Aliyewahi kualikwa kwenye ile albamu alibaki amealikwa.

*

Kesho yake, jioni ilipoanza kuingia, ukumbi ulijaa. Kipusa aliketi mbele, shingo ndefu, mikono mapajani, Mpole kando yake. Simu yake alimkabidhi Shangazi aitie mkobani, kwa sababu bibi harusi mwenye simu mkononi anaonekana kama karani wa zamu.

Shangazi alikaa nyuma, karibu na mlango, tableti mapajani.

Ting. Mjomba mmoja ametuma picha yake mwenyewe. Ruhusu. Ting. Mjomba yuleyule, upande wa pili wa uso. Ruhusu, basi, apate kutulia. Ting. Shoga wa Kipusa ametuma keki. Ruhusu.

Ting.

Mwenye Sherehe ametuma picha.

Picha nyeusi. Nyeusi tii, kama imepigwa ndani ya mfuko. Shangazi akacheka kwa pua. Mwenye sherehe ni bibi harusi, na huyo Kipusa utani ulimzidi tangu utotoni. Akabonyeza Kataa.

Halafu akakumbuka mkoba.

Aliufungua. Simu ya Kipusa ilikuwa humo, imezimwa, imelala juu ya leso.

Ting. Mwenye Sherehe ametuma picha.

Safari hii ilikuwa na mwanga kidogo. Ubao. Ubao uliochongwa vizuri, karibu mno, na kipande cha kitambaa cheupe kilichoingia umanjano. Kataa.

Ting. Udongo. Mizizi myembamba imening'inia kama nywele... Kataa.

Ting. Majani, yamepigwa kutoka chini, na juu yake anga la jioni. Anga hilihili la leo, lenye wingu moja refu jekundu. Shangazi aliligeukia dirisha. Wingu lilikuwa palepale.

Akainuka na tableti mkononi. Alimkuta dada mtu karibu na meza ya vinywaji, akamvuta mkono mpaka nyuma ya pazia, na kumuuliza kwa kunong'ona ni nani kwenye harusi ile ya kwanza alijiita Mwenye Sherehe.

Dada mtu alianza kutabasamu, tabasamu likaishia njiani.

"Marehemu," alisema. "Alikuwa mtu wa mizaha."

"Simu yake iko wapi?"

"Kwa nini?"

"Nimekuuliza simu iko wapi."

Dada mtu alitazama viatu vyake. Walimzika nayo, alisema. Wazee walishangaa, wengine walikasirika, ila Mpole alishikilia kwamba mkewe alikuwa haachani na simu ile, na yeye hataki kuiona tena ndani. Aliitia jenezani kwa mkono wake, chini ya mgongo, kabla kifuniko hakijafungwa. Watu walilia. Walisema huo ndio upendo.

Kwa mara ya kwanza tangu amjue Mpole, Shangazi alijiuliza swali ambalo jirani yeyote mwenye akili angejiuliza mapema. Mtu anayempenda mkewe anabaki na picha zake. Anayezika simu anazika nini?

Ting.

Njia ya vumbi, na mbele, kwa mbali, taa za ukumbi.

Kataa.

Ting. Geti la ukumbi, na maputo aliyoyafunga yeye mwenyewe.

Kataa.

Hapo ndipo alipoelewa. Kila akikataa, inasogea. Kidole chake kilikuwa kinamfukuza mtu, na mtu huyo kila akifukuzwa anapiga hatua mbele.

Ting. Mlango wa ukumbi, kutoka nje. Ndani ya picha, kwa nyuma ya kioo, mwanamke amesimama karibu na pazia ameshika tableti.

Shangazi aliinua macho.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Bawaba ililia kidogo, hewa ya nje ikaingia, na pamoja nayo harufu. Udongo mbichi. Udongo uliofukuliwa sasa hivi, na chini yake kitu kitamu, kizito, kama maua yaliyosahauliwa ndani ya maji. Mjomba aliyekuwa karibu alijifuta pua na kulaumu choo cha ukumbi.

Shangazi alirudi kwenye kiti chake. Hakutaka kubonyeza kitu chochote tena. Tableti ikalia yenyewe.

Ting. Migongo ya wageni.

Ting. Mgongo wa Shangazi. Ile pini aliyoifichia zipu iliyoharibika, ambayo hata Kipusa hakujua kama ipo.

Hakugeuka. Shingoni, pale nywele zinapoanzia, alihisi baridi ya pumzi. Si pumzi ya kutoka wala ya kuingia. Ilikuwa imekaa tu, ikisubiri.

Ting.

Mwenye Sherehe ametuma picha.

Hii haikuwa ya leo. Tarehe yake ilikuwa ya zamani, na tableti ilieleza kwa maandishi madogo kwamba picha hii ilikwama kwa kukosa mtandao. Ilipigwa na mtu aliyelala chali. Dari. Taa ya chumbani. Na katikati, akiinamia kamera, Mpole. Mikono yote miwili imeshika mto wenye maua ya buluu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayefunika chungu.

Ruhusu? Kataa?

"Shangazi."

Alikuwa amesimama kando yake. Ameacha kiti chake cha mbele, amepita katikati ya meza akisalimia watu, na sasa yupo hapa, ua jeupe kifuani, sauti ileile ya chini.

"Shangazi, futa hiyo."

Tableti ilikuwa imelala kifudifudi juu ya tumbo lake. Mpole hakuwa ameiona, wala asingeweza kuiona.

"Nifute nini, baba?"

"Hiyo aliyotuma."

Ukumbi ulikuwa unacheza. Mbele, Kipusa alikuwa anamcheka mjomba wake, mkono mdomoni, kama alivyokuwa akicheka akiwa hana meno. Usiku huu angepanda gari la mtu huyu. Angefunguliwa mlango kwa adabu. Angelala.

"Nani aliyetuma?" Shangazi aliuliza.

Mpole aliuweka mkono wake juu ya wa Shangazi, taratibu, akaanza kuubana. Alibana bila kubadilisha uso. Mifupa ya Shangazi ikagusana.

"Wewe ni mtu mzima," alinong'ona. "Unajua kukaa na jambo."

Shangazi alikuwa anajua, tena sana. Ukoo mzima alikuwa amekaa na mambo yao, mpaka mengine akayasahau mwenyewe. Na nyuma ya shingo yake pumzi ile ilikuwa bado inasubiri, haisukumi, haiombi. Aliwaza kwamba akibonyeza, amekaribisha kitu kisichorudi kilikotoka. Akiacha, amemkabidhi Kipusa kwa mkono wake mwenyewe.

Akaigeuza tableti kwa mkono uliobaki.

Ruhusu.

Muziki uliendelea kwanza, kwa sababu fundi wa muziki alikuwa ameipa skrini mgongo. Wageni walinyamaza meza moja baada ya nyingine, kuanzia mbele kuja nyuma. Picha ilikuwa kubwa kama ukuta. Mwishowe fundi naye akageuka, akazima.

Kipusa aliitazama. Hakulia. Aliinuka, akalishika gauni lake kwa pande zote mbili, na kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia kijiko:

"Mto ule ndio nilioonyeshwa juzi. Alisema ni wangu."

Mpole aliuachia mkono wa Shangazi. Alieleza kwamba siku hizi picha zinatengenezwa, kila mtu anajua, mtoto mdogo anaweza. Aliyaeleza vizuri. Dada yake alikuwa amekaa chini sakafuni na nguo zake nzuri. Basi akatengeneza koti, akatoka kwa mlango wa jikoni, mwendo wa mtu anayekwenda kuangalia kama gari limefungwa.

Baridi ikatoka shingoni kwa Shangazi. Harufu ya udongo ilipita kando yake, ikaelekea jikoni.

Vijana walipomfuata walikuta gari lipo, milango imefungwa. Waliuliza mlinzi wa geti.

"Ametoka kwa miguu," mlinzi alisema. "Yeye na mkewe."

Shangazi, aliyekuwa amewafuata akihema, alimwambia asiseme upuuzi, mkewe yupo ndani.

Mlinzi alikuna kichwa. Alisema labda, lakini mwanamke alikuwa amevaa gauni jeupe la harusi, na alikuwa amemshika bwana kiunoni. Alichoshangaa ni kwamba gauni lilikuwa chafu sana kwa nyuma, na bwana alikuwa anatembea kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

*

Walimtafuta. Polisi walikuja, wakaandika, wakaichukua picha, wakaondoka. Kaburi la mke wa kwanza lilikutwa limetulia, majani hayajakanyagwa. Mtu mmoja alitaka lifukuliwe, wazee wakamtazama mpaka akaona aibu.

Kipusa alirudi kwa Shangazi. Anakula, anafanya kazi, hata anacheka. Analala bila mto.

Vibao Shangazi alivichoma nyuma ya nyumba. Tableti haikuungua. Ilitoa moshi kidogo, ikabaki vilevile, naye akaifungia kabatini chini ya mashuka, bila chaji.

Jioni moja, jua likizama, alikuwa jikoni anamenya viazi. Kipusa anaosha vyombo. Kabatini kitu kikalia.

Ting.

Shangazi alifuta mikono, akaenda, akafungua.

Mwenye Sherehe ametuma picha.

Ubao uliochongwa vizuri. Kitambaa cheupe kilichoingia umanjano. Juu ya kitambaa, ua jeupe la kifuani, limepondeka. Na kwenye kona, karibu na kamera, vidole vya mwanamume. Kucha zimechubuka mpaka kwenye nyama, na ubao una mikwaruzo mipya.

Ruhusu? Kataa?

"Nani huyo, Shangazi?" Kipusa aliuliza kutoka jikoni.

"Matangazo tu, mwanangu."

Hakuruhusu. Wala hakukataa, kukataa alishaona kunaleta nini. Aliirudisha tableti kifudifudi chini ya mashuka, akafunga kabati, akaketi na kisu chake.

Alikuwa kwenye kiazi cha pili ilipolia tena.