Nilimkuta Dada wa Duka la Simu Kamshika Mume Wangu Sikio

Nilimkuta kamshika mume wangu sikio!

Sikusimuliwa. Kwa macho yangu haya mawili! Mume wangu kaketi kwenye stuli, mwanamke kamwinamia, mkono mmoja unavuta sikio juu, mwingine unachezea ndani... na baba mzima kafumba macho!

Jamani!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniita mkorofi.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu anaranda mbao kwenye karakana ya samani. Miaka tisa ya ndoa, hatujawahi kununiana mpaka kesho yake. Lakini miezi mitatu hii mtu alibadilika. Namwita, kimya. Namsimulia vituko vya wateja wangu, ananiitikia "eeh" pasipo na swali. Akitoka kazini anajitupa kwenye kochi na hedifoni zake za kuzama masikioni, anatabasamu peke yake.

Peke yake! Nyie wanawake mnanielewa.

Juzi nikachungulia simu yake akiwa anaoga. Nikakuta rekodi za sauti arobaini na mbili, kwenye faili limeandikwa "Roho Yangu".

Mimi ananiita Mama Watoto. Hiyo Roho ni nani?

Kabla sijafungua hata moja, maji yakanyamaza bafuni. Nikairudisha simu pale pale.

Kesho yake alipokwenda kazini nikapakia nguo zake kwenye begi, nikaliweka mlangoni. Nikampigia wifi, dada yake mkubwa: "Njoo umchukue mdogo wako, mimi basi." Kisha nikaenda kumvizia nje ya karakana. Saa ya mapumziko akatoka mbio, nikamfuata mpaka kwenye duka la vifaa vya simu. Ndipo nikakutana na hilo sikio.

"Mwachie!"

Hedifoni ikamponyoka yule dada. "Dada yangu, mimi nauza..."

"Unauza nini, masikio?"

Mume wangu akasimama. "Mama Watoto, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani begi lako liko mlangoni! Lete simu!"

Ajabu... akanipa. 

Nikaokota hedifoni, nikajichomeka, nikafungua Roho Yangu. Nje kuna fundi anakata vyuma. Nikaambulia kasauti kembamba tu, mwanamke anaongea kama yuko ndani ya debe. Nikapandisha mpaka mwisho. Ya kushoto ikaanguka.

"Usipandishe," dada akasema. "Vimpira vya hizo hedifoni ni vidogo kwako. Vinaacha upenyo, kelele zote zinapita hapo. Ndivyo watu wanavyoharibu masikio."

"Nani kakuuliza?"

"Unataka kumsikia huyo mwanamke au hutaki?"

Hapo akanipata. Nilitaka!

Akatoa vimpira vikubwa zaidi, akabadilisha. Halafu mwanamke niliyetaka kumng'oa nywele akanivuta sikio langu, juu kwa nyuma, taratibu, akaingiza na kuzungusha kidogo.

"Fungua mdomo. Funga. Imekaa?"

Ilikaa. Mkata vyuma akapotea kama kafungiwa mlango. Kimya... kisha yule mwanamke akaanza kuongea.

"Wewe baba! Taulo bichi juu ya kitanda mpaka lini? Nikifa utaoa taulo?"

Ilikuwa sauti yangu.

Nikaenda ya pili. Naimba, cherehani inalia nyuma. Ya tatu, nacheka na kitindamimba wetu mpaka nakohoa. Nikaruka huku na huku, kila ninayofungua ni mimi!

Nikazichomoa. "Kwa nini unanirekodi?"

 Akageuza kichwa, akanipa sikio la kulia.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"La kushoto limekwisha," akasema. "Ni mashine za mbao. Daktari anasema hata la kulia litafuata nisipolilinda. Nikataka nikae na sauti yako wakati bado naisikia. Hizi zikikaa sawasawa zinaziba kelele, nasikiliza kwa sauti ya chini."

"Na hukuniambia!"

"Ungelia. Na kilio chako sikutaka kukirekodi."

Nilichutama pale pale chini ya kaunta nikalia hivyo hivyo. Yule dada akaniletea maji. Aibu niliyoisikia sitaki hata kuieleza.

Simu yangu ikaita. Wifi.

"Nimefika. Begi ndio hili?"

"Wifi... lirudishe ndani, tafadhali."

Tukatoka, namsindikiza karakana. Njiani nikamwambia, "Nisamehe."

Akaendelea kutembea, macho mbele.

Wiki iliyopita ningeapa kanidharau. Nikatazama nilipokuwa. Kushoto kwake.

Wenzangu, wivu haukosi ushahidi. Nilikichukua kila kimya cha mume wangu nikakipa sura ya mwanamke. Mtu wako akinyamaza, kabla hujapakia begi, muulize kama amekusikia.

Nikazunguka kulia kwake, nikamshika mkono.

"Nisamehe, Baba Watoto."

Akasimama. Akatoa simu mfukoni.

"Hiyo rudia," akasema. "Ndiyo ya arobaini na tatu."