Siwa Iliyozibwa Pamba

Asubuhi hiyo Mwanatumu binti Shee alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa Tononoka, kisha akabandika dele la kahawa. Ulikuwa mwaka wa 1994. Arubaini ya babake, mfalme, ilikuwa imepita, na alasiri wazee wangefika nyumbani kwao Mji wa Kale kumtawaza mfalme mpya wa Mwangani.

Mwangani ulikuwa ufalme usio na ardhi tena, ila watu. Walitapakaa kisiwani, Tudor hadi Ganjoni, lakini wakigombania urithi au ndoa, neno la mwisho lilikuwa la mfalme. Na mfalme hakupigiwa kura. Siwa, ile pembe kubwa ya ndovu, ilipitishwa mbele ya warithi. Ambaye ilimlilia bila kupulizwa, huyo ndiye.

Ilimlilia Mwanatumu akiwa na miaka saba. Ikamlilia tena siku ya harusi yake. Mara zote mbili wazee walikohoa, wakazungumzia mvua. Babake alipougua, Mwanatumu ndiye aliyeamua kesi zote nyuma ya pazia, miaka kumi, na hukumu zikatangazwa kwa jina la nduguye mdogo, Shukri.

"Kwani hamkuisikia?" alimuuliza mkuu wa wazee, Mzee Bwanaheri, mlangoni.

"Siwa haimlilii mwanamke, mwanangu. Tukikubali hilo leo, kesho tutakataa nini?"

Ndipo akaona mdomo wa siwa, mikononi mwa mchukuzi nyuma ya mzee, umeshindiliwa pamba. Akaenda kuchukua sinia la kahawa. Alishachoka kusema.

Shukri akakalishwa kitini.

"Dada, mimi sitaki," alinong'ona.

"Wala mimi sikuulizwa," alimjibu, akatua sinia.

Siwa ikazungushwa. Ikamfikia Mwanatumu. Ikatetemeka mikononi mwa mchukuzi. Pamba ikaizuia isilie.

Kisha sauti ikaja.

Nzito. Ndefu. Haikutoka kwenye pembe.

Ilitoka kooni mwa Shukri. Kinywa wazi. Macho yamemtoka. Hapumui.

Mwanatumu alimrukia, akamkumbatia. Kifua chake kilikuwa baridi, kigumu. Sauti ikakatika.

"Mmesikia," alisema Mzee Bwanaheri polepole, akifuta jasho. "Imemlilia Shukri."

Wazee wakaitikia mmoja mmoja, bila kuinua macho.

Tangu siku hiyo Shukri hakutamka neno. Walalamishi walikuja, naye alifungua kinywa, ile sauti ikatoka, na wazee wakaifasiri walivyopenda. Mwanatumu hakuhitajika tena, hata nyuma ya pazia. Daktari alimulika koo, akasema ni zima.

Siku moja, akimlisha nduguye uji, Mwanatumu aliona alama nyuma ya meno ya juu. Akamwinamisha kichwa nyuma, akammulika kwa kurunzi.

Jino la mbele lilikuwa limechongwa. Herufi za Kiarabu, nyembamba kama uzi: jina lake, Mwanatumu binti Shee. Alisugua kwa kidole. Hazikufutika.

Jino la pili lilikuwa limeanza kuchongwa. Unga mweupe wa jino ulikuwa bado juu ya ulimi.