Sabuni Iliyonuka Samaki

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akatundika sare yake msumarini, kisha akaenda uani kumsaidia mama yake kuanua mashuka. Mama alikuwa dobi wa nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma ya soko. Walishika shuka huku na huku, wakalikung'uta, wakalikunja pembe kwa pembe. Mdomo wa Chiriku haukupumzika, na ndiyo sababu akapewa jina hilo.

Jioni moja mama alisema, "Mwanangu, nataka kujifunza kutengeneza sabuni yangu mwenyewe. Wewe na simu ni chanda na pete. Nitafutie kozi."

Chiriku akapekua mtandaoni. Kozi ya kwanza tu ilimteka: "Fundi Sabuni kwa Siku Moja! Cheti Papo Hapo!" Cheti chenyewe kilikuwa na utepe wa dhahabu. Mwalimu alivaa tai, maneno yakimtiririka kama maji, ila mikono yake haikugusa hata sufuria.

"Mafuta yoyote yanafaa," alisema. "Pima kwa kikombe, koroga, kesho fulia."

Chiriku alishangaa. Shuleni walipima kwa mizani, mbona huyu kwa kikombe? Tena kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, huunguza ngozi. Mbona hasemi lolote kuhusu glavu? Lakini nyumbani kwao mwalimu hakatizwi. Ilikuwa hivyo tangu enzi za bibi: mtu akishaitwa mwalimu, unakunja mikono na kuitikia. Chiriku, aliyebishana hata na kuku, akalimeza swali lake.

Basi wakaomba mafuta yaliyobaki kwa jirani, muuza samaki wa kukaanga. Yalikuwa meusi, mazito, na magamba yakielea juu. Sabuni iliyotoka ilikuwa laini kama makamasi, ikitoka jasho la manjano. Na harufu yake, lo! Paka alikuja mbio akidhani ameitiwa chakula, akanusa, akapiga chafya, akajiondokea.

"Huenda harufu itaisha tukisuuza," mama alisema huku ameziba pua. "Mwalimu kasema inafaa."

Akafulia mashuka ya wageni.

Siku ya pili yake mwenye nyumba ya wageni alifika na furushi amelishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba panya mfu.

"Dobi! Hebu nusa! Mgeni wangu ameniuliza kama nimemlaza kikaangoni. Mwingine anajikuna mgongo mzima. Uchafu gani huu? Kesho yakirudi yananuka, kazi nampa mwingine!"

Mama alificha mikono nyuma, lakini Chiriku aliiona. Vidole vilikuwa vyekundu, ngozi ikibanduka. Akachukua simu, akamwandikia yule mwalimu: "Mbona sabuni yako inaunguza?"

Swali lilifutwa hapo hapo. Badala yake ukaja ujumbe: "Hongera! Tuma picha ya kitambulisho na namba ya siri ya simu upokee cheti." Chiriku akasoma sifa walizompa wanafunzi wengine. Zote zilikuwa zilezile, neno kwa neno, kama zimeandikwa na mtu mmoja.

"Ptuu!" alitema mate. "Mama, huyu si mwalimu. Nilitaka kuuliza tangu mwanzo, nikaogopa kukosa adabu."

"Na mimi niliogopa," mama alisema. "Usimtumie kitu."

Wakaimwaga ile takataka mbali na kisima. Wakachemsha mashuka, wakayafua upya kwa sabuni ya dukani, Chiriku akisugua kwa sababu mama hakuweza. Kesho yake mwenye nyumba ya wageni alizamisha pua katika kila shuka. Kisha akamsukumia mama furushi jingine la kufua.

Vidole vilipopona, walitafuta kozi nyingine, safari hii pamoja. Walichagua ya chuo cha ufundi kinachojulikana mjini. Kwanza walipiga simu chuoni kuhakikisha kozi ni yao kweli. Kisha wakamuuliza mama mmoja aliyewahi kuisoma, nao wakaingia kwenye somo la majaribio lililorushwa moja kwa moja, ambamo mtu aliweza kumuuliza mwalimu kwa simu. Mwalimu alivaa glavu na miwani, mizani ikiwa mezani.

"Sikia, mwanangu," mama alisema. "Cheti kizuri hata tapeli anaweza kukichora. Kabla hujajiunga, mjue anayefundisha, waulize waliosoma kwake, na siri zako usimpe mtu. Na heshima si kufunga mdomo. Mwalimu wa kweli haogopi swali."

Kisha mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mwalimu, akaisogelea simu na kukohoa kidogo.

"Samahani, mwalimu, hapo sijaelewa. Kwa nini tusipime kwa kikombe?"

"Swali zuri, mama," mwalimu akajibu, akaweka mwiko chini. "Ngoja nikuonyeshe."