Baiskeli ya Marehemu

Rafiki yangu fundi rangi alioa mjane na, Mungu amsamehe, akawa anamwonea wivu marehemu mume wa kwanza.

"Mwenzio alikuwa mwangalifu barabarani," mkewe alizoea kumwambia. "Wewe utagongwa, bwana wee!"

"Basi kaolewe na kaburi!"

Jioni moja alipanda baiskeli ya marehemu kwenda kununua brashi. Gizani chini ya daraja, lori lisilo na taa likamkatia mbele. Kabla hajagusa breki, zikajibana zenyewe kwa mlio mkali. Lori likapita. Nyuma yake keria ikalalamika kwa uzito.

Alikanyaga hadi nyumbani akihema kama aliyepakia gunia. Mkewe akatoka mbio, uso umechanua kama ambavyo haujawahi kumchanulia yeye.

"Karibu, mume wangu!"

Macho yake yalipita juu ya bega la fundi. Tairi la nyuma, lililokuwa limebonyea, likainuka kama abiria ameshuka.